Koeberg: tusingoje kutu ituambie

Mhariri,

Mtambo wa nyuklia wa Koeberg, karibu na Cape Town, ulianza kutoa umeme 1984, na kinu chake cha kwanza kimeongezewa muda hadi 2044. Jenereta za mvuke, yaani mitungi inayotumia joto la kinu kuchemsha maji, zimebadilishwa, sawa. Mimi naogopa uvujaji mdogo.

Kule kwenye mtambo wa nyuklia wa Davis-Besse, Marekani, tindikali ya boroni iliyomo kwenye maji ya kupozea kinu ilidondoka tone kwa tone ikala kifuniko cha kinu, kipande cha chuma nene, hadi ikabaki ngozi ya ndani ya chuma ya takriban sentimita 1. Hiyo ilikuwa 2002. Picha za 2000 zilishaonyesha kutu nyekundu imetiririka! Ukaguzi ukasogezwa mbele.

Ripoti za ukaguzi wa Koeberg zitolewe hadharani, na mkaguzi aweze kuzima kinu bila kumbembeleza muuza umeme.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam