Barua kwa Mama Neema kuhusu zile elfu 27

Mpendwa Mama Neema,

Bwana Yesu asifiwe! Natumaini hamjambo wote hapo nyumbani, na kwamba mgongo wa Baba Neema umeanza kumwachia. Sisi huku tuko salama. Mvua imekuja kwa fujo ila mahindi yamesimama. Shangazi Rehema anakusalimu sana na anaulizia kitenge chake, hilo mtamalizana wenyewe. Salamu zisiwe nyingi leo, nina jambo.

Ujumbe wako nimeupata, na picha ya karatasi ya hesabu ya sadaka pia. Pole na hongera kwa pamoja. Kukabidhiwa uhazini wa usharika katikati ya mwaka, vitabu vikiwa nusunusu, ni mzigo. Lakini kilichoninyima usingizi ni zile elfu 27, ambazo umezitaja kwa mstari mmoja kana kwamba ni chenji ya sokoni. Karatasi ya Jumapili ilisema 463,500. Jumatatu benki mkakuta 436,500. Ukatoa 27,000 mfukoni mwako ili hesabu ikae sawa, na Mzee Elia akakuambia umefanya vema, yaishe.

Dada, yasiishe. Chukua ile karatasi uisome upya nami, kuanzia juu. Noti za 10,000 ni 14, hiyo ni 140,000. Za 5,000 ni 22, yaani 110,000. Za 2,000 ni 47, yaani 94,000. Za 1,000 ni 76, yaani 76,000. Noti peke yake zimefika 420,000. Sarafu: za 500 ni 21, sawa na 10,500, za 200 ni 20, sawa na 4,000, za 100 ni 18, sawa na 1,800, za 50 ni nne, 200. Sarafu zote 16,500. Ukijumlisha unapata 436,500, ileile waliyoihesabu benki. Aliyeandika jumla chini alibadilisha nafasi ya 3 na 6. Basi.

Shika na hili, litakusaidia miaka yote utakayokaa kwenye kiti hicho: ukikuta tofauti inayogawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, kabla hujamshuku mtu, tafuta tarakimu mbili zilizopishana. 27,000 gawanya kwa 9 ni 3,000 kamili. Noti moja ya 10,000 ikidondoka, au mbili za 5,000 zikinatana, tofauti haigawanyiki kwa 9. Hicho ni kidokezo tu, maana hata 9,000 huweza kupotea kweli. Kinachothibitisha ni kujumlisha upya noti kwa noti, na ndiyo sababu karatasi yenye jumla peke yake usiipokee kamwe, hata ikiwa na sahihi kumi.

Kwa hiyo hakuna aliyeiba na hakuna kilichopotea. Lakini angalia kilichotokea baada ya wewe kuziba. Benki kuna 463,500, kitabu cha fedha kinasema sadaka 463,500, na ubao wa matangazo unasema hivyohivyo, wakati washarika walitoa 436,500. Kila kitu kinalingana na hakuna kilicho kweli. Na wale vijana wawili waliohesabu, wewe na Mzee Elia mmeshawawekea alama moyoni bila kuwaambia. Usikatae, umeandika mwenyewe kwamba "Jumapili ijayo tutaweka wengine". Wanabeba doa wasilolijua, hawana hata nafasi ya kujitetea. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Umenikumbusha Anania na Safira, Matendo 5. Watu husema walikufa kwa kubana fedha. Soma maneno ya Petro: kiwanja kilikuwa chao, na hata baada ya kukiuza thamani yake ilikuwa mikononi mwao. Wangeleta nusu na kusema ni nusu, wangerudi nyumbani kwa amani. Tatizo lilikuwa kuileta sehemu kama ndiyo yote. Sikufananishi nao, wewe umetoa chako kwa moyo mweupe. Ila jumla iliyotajwa mbele ya kanisa lazima iwe ile iliyowekwa pale, isipunguzwe na isiongezwe hata kwa upendo.

Sasa namna ya kurekebisha. Usifute, na usipake ile dawa nyeupe ya kufutia wino. Piga mstari mmoja juu ya 463,500 ili iendelee kusomeka, andika 436,500 pembeni, weka tarehe na sahihi yako, na wahesabu wale wale waweke zao. Kwenye kitabu cha fedha, sadaka iwe 436,500, na mstari wa pili uandike 27,000 iliyoingizwa na mhazini kimakosa. Peleka jambo lenyewe kwenye baraza la wazee, liingie kwenye muhtasari, kisha urudishiwe kwa hati ya malipo iliyoidhinishwa na mchungaji na katibu. Ukipenda kumwachia Bwana hizo hela, vizuri sana, kata stakabadhi kwa jina lako isomeke "toleo la hiari". Halafu Jumapili itangazwe kwa sentensi mbili: jumla ya wiki iliyopita ilikosewa kuandikwa, sahihi ni hii. Washarika hawatakuvunjia heshima. Wanaovunjiwa heshima ni wale wanaokutwa na mkaguzi miezi minane baadaye.

Nirudi kwa Mzee Elia, maana najua ndiye atakayesimama. Atasema kwamba kutaka wahesabu watatu wasio ndugu, kama nitakavyokueleza hapo chini, ni kukosa imani, kwamba sisi ni watu wa Mungu tunaaminiana, na kwamba hata Biblia inasema hawakudaiana hesabu. Andiko analolishika ni 2 Wafalme 12:15, na ni kweli limeandikwa. Lakini mwombe aanze juu kidogo. Fedha za kutengeneza nyumba ya Bwana zilikuwa zikipitia mikononi mwa makuhani, na mpaka mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi mabomoko yalikuwa bado hayajatengenezwa. Ndipo Yehoyada kuhani akatwaa kasha, akatoboa tundu kifunikoni, akaliweka kando ya madhabahu. Kasha likijaa, walikuja watu wawili wa ofisi mbili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakahesabu na kufunga mifukoni. Wale ambao hawakudaiwa hesabu ni wasimamizi wa mafundi waliokabidhiwa fedha iliyokwisha kuhesabiwa. Mstari wa 15 hauwezi kumeza wa 10.

Asipotosheka, mpe Ezra 8. Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari wa kuwalinda njiani, kwa kuwa alikuwa amekwisha kusema kwamba mkono wa Mungu uko juu ya wote wamtafutao. Wakafunga, wakaomba, wakaondoka na fedha na dhahabu ya nyumba ya Mungu bila askari hata mmoja. Je, kuna imani kuliko hiyo? Na mtu huyohuyo, sura hiyohiyo, kabla ya safari aliwapimia wakuu wa makuhani 12 kila kitu kwa mizani: fedha talanta 650, vyombo vya fedha talanta 100, dhahabu talanta 100. Safari yote kutoka Babeli ilichukua karibu miezi minne. Walipofika Yerusalemu wakapumzika siku tatu, siku ya nne vikapimwa tena hekaluni mbele ya makuhani wawili na Walawi wawili, uzani wote ukaandikwa. Alimwachia Mungu majambazi wa njiani, mizani hakuiacha. Naona hapo ndipo wengi wetu tunapochanganya: tunasema tunamwamini Mungu, kumbe tunamtwisha mhazini jaribu ambalo Mungu hakumtwisha mtu yeyote. Yuda naye alishika mfuko, Yohana 12:6 inasema alikuwa akivichukua vilivyotiwa humo.

Kwa hiyo shikilia utaratibu huu bila kugombana. Sadaka ihesabiwe sakristia ibada ikiisha tu, isitoke kanisani ikiwa haijahesabiwa. Watu watatu, wasiwe wa nyumba moja, na mhazini asiwe mmojawapo: wewe unapokea, huhesabu. Mmoja anapanga, wa pili anahesabu upya, wa tatu anaandika, na jumla anaikokotoa mtu mwingine tena, siyo yule aliyeandika. Hapo ndipo ile 3 na 6 zingekamatwa. Nakala tatu za karatasi: ya kwako, ya ofisi, na moja ibaki kitabuni. Fedha ifungwe mfukoni na sahihi ziwekwe pale ulipofungwa, benki siku ya kazi inayofuata.

Na fedha mbichi, yaani taslimu ambayo haijafika benki, tafadhali! Ulisema fundi wa spika alilipwa palepale kutoka kwenye kikapu, 30,000, kwa sababu alikuwa na haraka. Haraka ya fundi isikuingize mtegoni. Ukilipa kabla ya kupeleka benki, mapato yanaonekana pungufu na matumizi hayaonekani kabisa, na hapo mtu mwaminifu na mwizi wanafanana vitabuni. Muwe na fedha ndogo ya ofisi, kiwango kikipangwa na baraza, kila shilingi kwa hati.

Mnada wa mavuno unakuja, huko ndiko hela huyeyuka. Anayenadi asiandike na anayeandika asinadi. Kuku akiuzwa 25,000 na mnunuzi akasema nitaleta jioni, jina liandikwe kama deni hapohapo, maana jioni hiyo hugeuka Krismasi. Lipa namba iwe kwa jina la usharika, isiwe simu ya mtu hata akiwa mtakatifu. Stakabadhi ikiharibika isichanwe, piga mstari nakala zote mbili ziachwe kitabuni. Na sadaka ya ujenzi isikopwe kulipia posho, hata kwa wiki moja. Aliyetoa alitoa kwa ajili ya bati, ukiitumia kwa kingine umemfanya aliyetangaza madhabahuni awe amesema uongo.

Nimeandika mengi, na moyo wangu bado uko kwa wale vijana wawili. Umeshaongea nao? Utawaita wewe au mchungaji? Aliyeandika ile jumla anajua kwamba ilikosewa? Slipu ya benki unayo, au aliichukua katibu? Mzee Elia alikwambia yaishe mkiwa wawili tu au mbele ya wengine? Mchungaji ana habari? Kikao cha baraza ni lini, na kuna yeyote atakayekuunga mkono, mama Tuse kwa mfano? Na wewe mwenyewe, unalala?

Nijibu kabla ya Jumamosi. Ukitaka nikuandikie lile tangazo la sentensi mbili, sema, nitakutumia usiku huohuo.

Wako katika Bwana,
Mama Anna