Barua kwa Mjomba: nahau, sharhi na mashairi ya Warumi

Mpendwa Mjomba,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, mimi ni mzima, hofu ni kwenu huko Unguja.

Uliniuliza nasoma nini hasa huku London. Nasoma jinsi watoto wa Ulaya wa karne ya 11 na 12 walivyofundishwa washairi wa kale wa Kirumi: Virgil, Horace, Lucan, Ovid. Nawe kila siku nakukumbuka, maana Kilatini hakikuwa lugha ya mama kwa watoto wale, kama Kiarabu kisivyo kwa wanafunzi wako. Walianza na nahau, yaani sarufi, ya Donatus, mwalimu wa Kirumi, wakahifadhi mawaidha yaliyonasibishwa na Cato, Mrumi wa kale, ndipo wakapandishwa kwa washairi wakubwa. Mwaka 1199 Mfaransa mmoja, Alexander wa Villedieu, akaitunga nahau kwa mashairi, mistari zaidi ya 2,600, ili iwakae kichwani. Mjomba, ni kazi ileile ya Alfiyya unayosomesha, nahau ya Kiarabu kwa mashairi, na mtunzi wake Ibn Malik alifariki 1274!

Kinachonishika zaidi ni kurasa zenyewe. Baina ya mistari ya Horace imetiwa sharhi kwa maandishi madogo mno. Panapotajwa mtu bila jina, jina lake limeandikwa juu. Mshairi anapomwita mtu, juu ya neno hilo pana herufi "o". Na kwa kuwa washairi hawa huyatawanya maneno ya sentensi moja, mara nyingine utakuta a, b, c juu ya maneno, mtoto ajue aanzie wapi na aende wapi. Neno kwa neno, ukurasa hadi ukurasa. Kazi hiyo haifanywi na mtu asiyewajali wanafunzi.

Bakora zilikuwepo, sikufichi. Mtawa Aelfric wa Uingereza aliandika mazungumzo ya kufundishia Kilatini karibu na mwaka 1000, na humo watoto wanasema heri wachapwe wapate elimu kuliko wabaki wajinga. Lakini maneno hayo waliwekewa mdomoni na mwalimu, kwa hiyo siyachukui kuwa yao.

Ninayempenda ni Bernard wa Chartres, mwalimu wa huko Ufaransa. John wa Salisbury, aliyeandika habari zake mwaka 1159, anasema kila mwanafunzi alipaswa kurudisha leo sehemu ya alichosikia jana. Wengine Bernard aliwahimiza kwa maneno, wengine kwa viboko. Ila mtoto akitunga shairi akalishonea kiraka alichokiiba kwa mshairi wa kale, Bernard alimkaripia na mara nyingi hakumwadhibu, bali alimwelekeza kwa upole namna ya kuwaiga wakubwa. Alitaka watunge, siyo wakariri tu. Darasa kama hilo ningelikaa mbele kabisa.

Nina ombi. Ile Alfiyya ya marehemu babu, yenye hashia zake pembeni, naomba uipige picha kurasa mbili tatu unitumie. Mwalimu wangu hajapata kuona sharhi za kwetu, nami nataka azione.

Nisalimie wote nyumbani.

Mpwao,
Salma