Chupa ya dipu usiifungue

Mwende mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Sisi tu wazima, hewala. Mambo ya Njeri na kamati yake ya harusi tuyaache kwanza, hayo yanataka chai na jioni nzima. Nakuandikia mbio mbio kwa sababu ya ujumbe wako wa jana. Eti umenunua dipu, ile dawa ya kuogeshea ng'ombe kuua kupe, kwa yule kijana wa agroveti, amekupimia kwenye chupa ya soda, na Jumamosi unawaogesha mbwa wote, Simba, Chiku na Kadogo, kwa mpigo ili kupe na viroboto waishe. Tafadhali dada, chupa hiyo usiifungue.

Usidhani nakukataza kwa kuwa ni dawa ya ng'ombe. Nakukataza kwa kuwa hujui ni dawa gani. Dipu za madukani si za ukoo mmoja. Kuna za amitraz, kuna za oganofosfeti, kuna za pairethroidi kama saipamethrini. Nyingi ukizitia majini zinageuka nyeupe kama maziwa, kwa hiyo macho hayatakusaidia. Amitraz ya asilimia 12.5 kwa kawaida huchanganywa mililita 2 kwa lita 1 ya maji, maana yake beseni la lita 5 linataka mililita 10 tu, vijiko viwili vya chai. Dipu ya ukoo mwingine ina kipimo chake tofauti kabisa. Wewe umeambiwa "kifuniko kimoja kwa beseni". Kifuniko cha chupa gani? Beseni la ukubwa gani?

Halafu mbwa hujilamba. Simba akitoka kuogeshwa atakaa kivulini alambe miguu mpaka ikauke, na Chiku atamsaidia. Amitraz ikimzidi mbwa, analegea, anayumba, anatapika, mapigo ya moyo yanashuka, mwili unapoa na sukari ya damu inapanda. Oganofosfeti ikimzidi, mate yanachuruzika, mboni za macho zinakuwa ndogo mno, misuli inatetemeka na anaharisha. Hapa ndipo lebo inapookoa maisha: sumu ya oganofosfeti hutibiwa kwa atropini, lakini kwa amitraz atropini haishauriwi, daktari hutumia dawa nyingine. Sasa umfikishe mbwa hospitali ya wanyama ya Kabete saa mbili usiku na chupa ya soda mkononi, daktari aanzie wapi?

Mrudishie kijana chupa yake. Usiimwage mtaroni wala shambani, maana pairethroidi huua samaki na nyuki. Na usiiache jikoni, watoto wataiona ni soda.

Sasa dawa za kununua. Anza na mzani. Panda mzani wa bafuni peke yako, kisha umbebe mbwa upande tena, utoe. Simba hutaweza kumbeba, najua, huyo mpeleke kwa daktari apimwe. Vidonge hupangwa kwa kilo. Cha NexGard, chenye afoxolaner, kuna cha kilo 2 hadi 4, cha 4 hadi 10, cha 10 hadi 25 na cha 25 hadi 50, na kimoja ni cha mwezi mmoja. Bravecto, yenye fluralaner, hupewa pamoja na chakula, na kwa viroboto hukaa wiki 12. Lakini soma maandishi madogo: lebo yake ya Ulaya inasema wiki 8 tu kwa kupe wa kahawia wa mbwa, na huyo ndiye kupe anayetusumbua Nairobi. Wengi wanahesabu miezi mitatu, kisha mwezi wa mwisho wanalalamika kwamba wameuziwa feki.

Ile hesabu yako ya kununua kidonge kikubwa na kukikata umpe kila mmoja kipande, achana nayo. Huna hakika dawa imeenea sawa ndani ya kidonge, mmoja atapata pungufu na mwingine kupita kiasi.

Na Chiku vidonge vya jamii hii asipewe kabla daktari hajajua kwamba alianguka kifafa. Mwaka 2018 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu jamii nzima ya hivi vidonge, kwamba mbwa wengine hutetemeka, huyumba au hupatwa na kifafa. Wengi hawapati neno, lakini mwenye historia hiyo hafanyiwi majaribio. Kwake ningeuliza kwanza dawa ya matone yenye fipronil. Unapasua manyoya katikati ya mabega mpaka uone ngozi, unadondosha kwenye ngozi yenyewe. Ikibaki juu ya manyoya umeitupa. Asiogeshwe siku mbili kabla wala siku mbili baada, na Simba asimlambe mpaka pakauke.

Kadogo bado mchanga. Vidonge hivyo huanzia wiki 8 na kilo 2. Kwa sasa ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya mtoto na kitana chenye meno ya karibu, kisha umkaushe vizuri. Mtazame ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, viroboto wameshamnyonya damu nyingi, usingoje Jumatatu.

Halafu paka! Hujamtaja, lakini namjua, analala ubavuni kwa Simba. Dawa yoyote ya mbwa yenye permethrini ni sumu kwake, atatetemeka na kupata kifafa, anaweza kufa. Kwa hiyo matone au poda yoyote ya mbwa, soma kilichomo kwanza. Kama haijaandikwa, haiingii nyumbani kwako.

Nasikia Baraka naye ameshatoa ushauri wake: oili chafu ya gari, au sindano ya ivermectin, ile dawa ya minyoo na vimelea vya mifugo. Oili huchoma ngozi na mbwa huilamba. Ivermectin ya ng'ombe kwa mbwa wa aina ya Collie au German Shepherd ni bahati nasibu, maana baadhi yao wana hitilafu ya kijeni inayoruhusu dawa kuingia kwenye ubongo. Na huyo Simba wako, hata mama yake hatumjui.

Ila hata ukinunua dawa bora, ukisahau banda utarudi pale pale. Viroboto unaowaona mwilini ni wachache, mayai yao hudondoka chini, na wakiwa ndani ya kifukofuko dawa haiwapati vizuri, wanaweza kungoja miezi. Kupe naye akishashiba hushuka, hupanda ukuta na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa. Choma yale magunia wanayolalia, matandiko mengine yafuliwe kwa maji moto, ziba nyufa za banda kwa saruji, fagia kila siku na takataka ziondoke uani. Mbwa wote watibiwe siku moja, na usiruke mwezi.

Kupe uliyemwona amegandia, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kupinda, kisha mtumbukize kwenye spiriti. Usimpasue kwa kucha. Usimpake mafuta ya taa. Tazama ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia na chini ya kola. Na mbwa akiwa na homa, akikataa chakula, akitoka damu puani au mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa, hiyo si ya kungoja dawa ya kupe ifanye kazi. Mpeleke apimwe damu.

Sasa nijibu: Simba ana kilo ngapi? Kadogo amezaliwa tarehe ngapi hasa, au ni ile "wiki sita hivi" ya jirani? Chiku alianguka mara ngapi, na anakunywa dawa yoyote? Kuna mtu ameshawapulizia kitu mwezi huu, maana sitaki dawa mbili zikutane mwilini? Yule kijana alikutajia hata jina la dipu? Na ule mzani wangu wa bafuni, bado uko kwako au umeshapelekwa kwa Mama Kioko?

Nijibu kabla ya Ijumaa, nije na kibano.

Wako,
Salome