Damu za akina mama zisiishie kwenye bango

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linaloniuma.

Nyuma ya kabati la dawa katika kituo cha afya nilichofanyia kazi, hapa mkoani Tanga, bango lililoviringishwa lilikaa miaka mingi. Mganga mmoja kijana alikwenda nalo kwenye kongamano kueleza jinsi upungufu wa damu ulivyowaandama wajawazito wa kliniki yetu. Akapigiwa makofi, akarudi na cheti, na wiki ileile akapangiwa zamu ya usiku. Nilipostaafu nililikunjua. Mende walikuwa wamekula pembe, lakini jedwali lilisomeka bado. Wanawake wale nawakumbuka. Mimi ndiye niliyewatoboa vidole kupima wingi wa damu, nikawaambia majibu yao yatawafaa na wenzao.

Utafiti ule haukuandikwa kuwa makala ya jarida, ukaishia kwenye bango. Si Tanga tu. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyopitia ikisiri zaidi ya 307,000 za makongamano, yaani muhtasari wa tafiti zilizowasilishwa huko, yalikuta takriban asilimia 37 tu ndizo zilizofika majaridani zikiwa makala kamili. Tena zenye matokeo mazuri huchapishwa zaidi. Hilo ndilo linalonitia hofu: dawa ikishindwa mahali fulani na habari ikaishia ukumbini, mganga wa kwingine ataendelea kuwaandikia wagonjwa wake dawa hiyo. Ikisiri yenyewe ni aya chache. Haikuelezi vizuri wagonjwa walipatikanaje, wala wangapi walikatisha dawa njiani.

Watafiti wakiulizwa kwa nini hawakuandika, jibu la mara nyingi ni kukosa muda. Naliamini.

Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wetu wa Korogwe na wa Bagamoyo. Matokeo ya mwisho yalitoka katika jarida la The Lancet mwaka 2015, kila mtu akaweza kuyasoma na kuyahoji, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Lakini ule ulikuwa utafiti mkubwa wenye watu wa kuandika. Mganga wa kituo hana.

Basi anayeruhusiwa kwenda kongamano apewe pia wiki mbili za kuandika, bila zamu, na mwenzake mzoefu wa kumsomea rasimu. Jarida lipo hapahapa nchini, Tanzania Journal of Health Research.

Mganga yule alishahamishwa. Bango nimelifuta vumbi, liko kwangu Makorora. Akitaka kuandika, aje alichukue.

Muuguzi mstaafu,
Makorora, Tanga