Mizani ya korosho na mizani ya shairi

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya Jumapili iliyopita, ile iliyowashauri vijana wanaotaka uandishi watafute mahali tulivu, ikiwezekana ufukweni, wakae waisubiri ilhamu. Mwandishi akaongeza kwamba vina na mizani, yaani hesabu ya silabi katika mshororo, ndivyo vinavyoua ilhamu, basi vitupwe. La kwanza lilinichekesha. La pili lilinifanya nimwombe mjukuu wangu karatasi.

Mimi ni mkazi wa Newala. Bahari hatuna, lakini tuna Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde likafunguka chini yako. Wageni huja kupiga picha. Mwaka niliostaafu nilikwenda pale na daftari jipya na chupa ya chai, nikakaa tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Chai iliisha. Daftari lilirudi jeupe kama lilivyokwenda.

Mashairi yangu, hata yale machache mliyopata kuyachapisha, yalianzia ghalani. Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, kazi yangu kupima korosho. Mwenye kuijua Newala mwezi wa Oktoba anajua hali inavyokuwa: mabibo yananuka njia nzima, vumbi la magunia limekaa kooni, foleni imefika barabarani, huyu anadai karukwa zamu, yule anabishia daraja la korosho zake. Humo ndimo nilimotungia, kalamu moja ikiandika kilo, nyingine mishororo, nyuma ya vishina vya stakabadhi.

Nitoe mfano mmoja. Msimu wa 2009, wakati stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala, ilikuwa bado ngeni kwetu, bibi mmoja alileta magunia matatu. Nikapima la kwanza, nikataja kilo. Akalitazama lile gunia, akalizunguka, akasema taratibu, kama anayezungumza na gunia lenyewe: “Gunia langu si hili.”

Nikamjibu jibu la makarani wote, kwamba mizani haina ndugu. Lakini chini ya meza vidole vyangu vilikuwa vimeshahesabu. Gu-ni-a-la-ngu-si-hi-li. Nane, nusu kamili ya mshororo! Bibi wa watu analalamika, mimi nahesabu silabi. Si jambo la kujivunia, ila ndivyo ilivyokuwa.

Usiku nikawa na nusu ya mshororo, kina cha kati “li”. Kipande cha pili kilikuja chenyewe, “hili halina uzito”, na hapo nikawa nimejifunga: kila mshororo sharti uishie “to”. Hufanya hivi: naorodhesha pembeni maneno yote ninayoyajua yenye kina hicho. Moto, ndoto, pato, kito, mto, mtoto. Nilipoandika “mtoto” mkono ulisimama. Nilikumbuka mdomo wa lile gunia. Ulishonwa kwa nyuzi za rangi mbili, upande mmoja mishono midogo iliyokaa sawa, upande wa pili mishono mipana iliyokwenda mshazari. Ule wa pili ulikuwa mkono wa mtoto. Nililiona mchana, jicho likapita. Bila kina cha “to” lingepita moja kwa moja. Ubeti ukatoka hivi:

Gunia langu si hili, hili halina uzito
Nimelivusha jabali, nimelivusha na mto
Kwa sindano na kandili, nilishona na mtoto
Karani sema ukweli, gunia langu ni zito

Wajuzi watanisuta kwa “uzito” kugongana na “zito”. Niliacha makusudi, bibi yule alikuwa na jambo moja tu la kusema. Mto je? Mto haupo. Anakaa juu ya uwanda, maji yenyewe ya taabu. Kina kiliudai, nikautoa. Mke wangu, ambaye ndiye mhariri wangu wa kwanza (nikimsomea akaendelea kuchagua mchele, najua bado), aliusamehe mto ila akauliza kuhusu mshororo wa nne: “Na huo ukweli, umeusema?”

Alfajiri nikawahi ghalani kabla ya vibarua. Nikachukua mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, kilo 50, nikaupandisha kwenye mizani. Ikasoma 48. Nikaushusha, nikaupandisha tena. 48.

Sasa naomba mwandishi wa makala aniambie ufukwe gani ungenipeleka kwenye mfuko ule.

Simkatazi mtu kutunga mashairi huru. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake mwaka 1974 wazee walimjia juu, na mimi ujanani nilikuwa upande wa wazee. Leo namsoma kwa raha. Ninachokataa ni hii dhana kwamba kanuni ni pingu. Mshairi Abdilatif Abdalla aliwekwa kifungoni Kenya kuanzia 1969 hadi 1972. Karatasi hakupewa, akaandika kwenye karatasi za chooni, na huko huko kwenye pingu za kweli akashika vina na mizani. Na Muyaka bin Haji wa Mombasa, anayesifiwa kwa kulitoa shairi msikitini na kulipeleka sokoni, alitunga juu ya mambo ya watu wa mji wake, katikati ya watu hao hao. Kama ilhamu ingekuwa inasubiriwa kimya, soko lisingempa kitu.

Kwa hiyo ombi langu, mhariri, ni dogo: msiupunguze tena ukurasa wa mashairi kuwapisha watu wa kutufundisha kusubiri. Na kijana akileta shairi lenye mshororo wa mizani 17 badala ya 16, mrudishieni alihesabu upya. Pengine katika kuitafuta silabi ya kutoa atakutana na jambo.

Nimalizie habari ya bibi. Viongozi wa chama walikubali, fundi akaletwa, na wote waliopima siku ile wakaandikiwa nyongeza kwenye malipo ya pili. Kwa bibi ilikuwa kilo tisa na ushee. Nilikwenda kumwambia mwenyewe nyumbani kwake. Nikamwamkia, nikaeleza mwanzo hadi mwisho, mfuko wa saruji na yote. Shairi sikulitaja. Alinisikiliza huku anabangua korosho, mjukuu wake pembeni, kisha akaniuliza bila kuinua uso: “Na mwaka jana?”

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Ni mizani tano. Bado natafuta tatu za kukamilisha kipande.

Wako,
Karani Mstaafu,
Newala, Mtwara