Anayeendesha baiskeli ndiye ashike mtaimbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kuhusu utalii wa baiskeli za milimani. Ndugu huyo aliwasifu sana watu wa jimbo la Arizona, Marekani, wanaoacha mapumziko yao ya mwisho wa wiki na kwenda jangwani kuhangaika na mawe bila malipo ili njia za baiskeli zipitike. Kisha akapendekeza kwamba vijiji vilivyo kando ya vilima vyetu vikame, akitaja Longido kwa mfano, vihamasishwe kuchonga njia za namna hiyo kwa kujitolea, na kwamba wageni wakishaanza kuja manufaa yatafuata yenyewe. Mimi ninaishi Tucson, kusini mwa jimbo hilo, na nimo katika hao wanaoshika mtaimbo. Sifa zake nimezipokea kwa shukrani. Linalonitia shaka ni pendekezo lake, kwa sababu limechukua jasho peke yake na kuyaacha yote yanayolifanya jasho hilo lisipotee bure.

Wengi wakisikia jangwa hufikiria mchanga. Jangwa la Sonora, linaloizunguka Tucson, ni nchi ya vilima vya mawe, miiba na dungusi, na adui mkubwa wa njia katika nchi hiyo ni maji. Mvua ya Tucson haifiki milimita 300 kwa mwaka, lakini karibu nusu yake hunyesha kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Septemba, kwa dhoruba fupi na kali zinazoangukia ardhi isiyo na nyasi za kuyapunguza maji kasi. Udongo wenyewe ni mwembamba. Mahali pengine ni granaiti iliyooza ikawa chembe za kuteleza kama punje za mtama, na mahali pengine, chini kidogo tu ya uso wa ardhi, lipo tabaka la chokaa lililoganda ambalo sururu hulidonoa tu. Njia iliyochongwa moja kwa moja kushuka kilima hugeuka mfereji katika msimu mmoja. Udongo huenda zake, mawe hubaki yamesimama kama meno, na waendesha baiskeli, wakiyakimbia mawe, huanza kupita pembeni na kukanyaga mimea, hata njia iliyokuwa na upana wa mita moja ikawa uwanja wa mita tano.

Ndiyo maana kazi yetu, kwa sehemu kubwa, ni kuyaonyesha maji mahali pa kutokea. Kanuni ya kwanza anayofundishwa mgeni ni kwamba mtelemko wa njia usizidi nusu ya mtelemko wa kilima kinachobeba njia hiyo, na kwamba kwa wastani usipite asilimia 10. Kanuni ya pili ni kwamba upande wa nje wa njia uinamishwe kidogo, kiasi cha asilimia 5, ili maji yanayotoka juu yaivuke njia yakiwa yametandaa na yasipate nafasi ya kuifanya mto. Tena kila baada ya masafa fulani njia inayoshuka hupandishwa kidogo kabla ya kuendelea kushuka: mwenye baiskeli hukiona kipandio hicho kama wimbi la kumfurahisha, maji hukikuta kama mlango wa kutokea. Wakulima wa Machakos waliozoea matuta ya fanya juu wangeielewa kazi hii bila kueleweshwa, ingawa wao huchimba ili maji yabaki shambani na sisi huchimba ili yaondoke upesi.

Hata njia iliyochongwa kwa kufuata kanuni zote hizo haikai hivyo. Magurudumu huishindilia katikati, kokoto zikasukumwa na kujipanga ukingoni upande wa nje, na baada ya miezi kadhaa ukingo huo mdogo, usiozidi kimo cha kidole, unatosha kuyafungia maji ndani. Kuuondoa ukingo huo kwa reki nzito yenye makali ya jembe upande wa pili ndiyo kazi yetu ya kila mara, na ndiyo kazi isiyo na sifa hata kidogo. Hakuna anayepiga picha mbele ya ukingo ulioondolewa. Siku ya kuchonga njia mpya watu hujitokeza kwa wingi. Siku ya kuzibua mitaro tunajuana kwa majina.

Kazi ya mawe inastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu ndiyo msomaji mwenzangu aliyoiita kuvunja mawe. Ni nadra sisi kuvunja jiwe. Mara nyingi tunalipanga. Pale ambapo njia haina budi kupita kwenye korongo au kwenye mteremko mkali, ardhi huwekewa sakafu ya mawe, na jiwe linalofaa ni lile asiloweza kulibeba mtu mmoja, kwa kuwa jiwe dogo litaondoka na dhoruba ya kwanza. Kabla ya kulishika, mtu hulibinua kwa mtaimbo kwa namna ambayo upande unaofunguka hauelekei miguu yake, maana chini ya jiwe la jangwani kunaweza kuwa na nge au nyoka wa njuga aliyejipumzisha. Shimo huchimbwa kwa umbo la jiwe lenyewe, sehemu kubwa ya jiwe ikazikwa, uso wake bapa ukabaki juu na ubavu wake ukagusana na jiwe la jirani. Mianya hukazwa kwa vijiwe vinavyopigwa nyundo. Hatuijazi udongo, kwa sababu udongo utaoshwa. Mwishoni kiongozi wa kikundi hupanda juu ya jiwe na kuhamisha uzito wake mguu hadi mguu. Likicheza, linang'olewa na kazi inaanza upya, hata kama jua limeshakuwa kali na maji ya kunywa yanakaribia kuisha.

Ipo pia kazi ya kufuta njia, na hii huwashangaza wageni kuliko zote. Waendesha baiskeli wasio na subira hukata kona na kujifungulia vichochoro vyao, na kichochoro jangwani huweza kuonekana kwa miongo mingi, kwa kuwa mimea huota polepole mno. Saguaro, dungusi mrefu anayejulikana na wengi kwa picha, huweza kupita miaka 50 kabla ya kutoa mkono wake wa kwanza, na sheria ya Arizona inamlinda, hata njia ikimkuta inampisha. Kukifunga kichochoro tunachimbia matawi makavu yakiwa wima ili yafanane na vichaka vilivyokufa, tunatawanya mawe, na kila jiwe tunaligeuza upande wake mweusi uangalie juu, yaani upande uliopakwa rangi na jua na vumbi kwa karne nyingi. Jiwe likilazwa kwa upande wake mweupe, kila apitaye atajua kwamba mkono wa mtu umepita, na mmoja wao atalisogeza apite.

Sasa nije kwenye yale ambayo barua ya ndugu yangu haikuyagusa. Mfano ulio wazi zaidi ni Arizona Trail, njia ya maili 800, karibu kilomita 1,300, inayolivuka jimbo zima kutoka mpaka wa Meksiko hadi mpaka wa Utah. Iliasisiwa na mwalimu wa shule wa mji wa Flagstaff, Dale Shewalter, ambaye mwaka 1985 alitembea kwa miguu kutoka Nogales hadi Utah ili kuthibitisha kwamba inawezekana. Jumuiya ya kuisimamia iliundwa mwaka 1994, serikali kuu ikaitambua kuwa njia ya taifa mwaka 2009, na kipande cha mwisho, karibu na mto Gila, kikaunganishwa Desemba 2011, Shewalter akiwa ameshafariki karibu miaka miwili kabla. Jasho lililoijenga ni la watu wa kujitolea kwa kiasi kikubwa. Lakini njia hiyo imegawanywa vipande, na kila kipande kina msimamizi anayejulikana, anayekikagua na kutoa taarifa, na nyuma yake ipo jumuiya yenye watumishi wa kulipwa, na nyuma ya jumuiya zipo ofisi za serikali zenye ardhi, ramani na mamlaka.

Hata kujitolea kwenyewe kuna sheria yake. Tangu mwaka 1972 mtu anayejitolea rasmi katika misitu ya taifa ya Marekani, akiumia kazini, huhesabiwa kama mtumishi wa serikali kwa ajili ya fidia na matibabu. Saa zake huandikwa. Haziandikwi kwa ajili ya kumpongeza tu: saa hizo hugeuzwa kuwa thamani ya fedha na kuhesabiwa kama mchango wa wananchi pale jumuiya inapoomba ruzuku. Taasisi ya Independent Sector, inayotoa makadirio hayo, iliithamini saa moja ya kujitolea kwa mwaka 2023 kuwa dola 33.49. Vilevile hakuna anayeamka asubuhi na kuchonga njia mpya kwa hiari yake. Sheria ya kuhifadhi mambo ya kale ya mwaka 1966 inaitaka ofisi yenye ardhi ichunguze kwanza kama chini ya njia hiyo hakuna mabaki ya watu wa kale, nao Wahohokam walioishi na kulima mabonde haya waliacha vigae vya vyungu na michoro ya mawe katika sehemu nyingi. Anayeokota kigae anasimamisha kazi, hata kama watu wameshapanga mawe yao.

Baiskeli zenyewe nazo zimewekewa mipaka. Katika maeneo ya nyika yaliyolindwa kwa sheria ya mwaka 1964 chombo chochote cha mitambo ya kusafiria hakiruhusiwi, na baiskeli imo, kwa hiyo waendeshaji wa Arizona Trail huzunguka maeneo hayo kwa njia nyingine. Wakifika Grand Canyon hawana pa kuzungukia kwa karibu. Anayetaka kulivuka bonde lile huifungua baiskeli yake, huibeba mgongoni, na hushuka na kupanda zaidi ya kilomita 30 bila gurudumu kugusa ardhi. Wapo wanaolalamika kwamba ni ukali usio na maana, na utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kutoka Montana uliona kwamba kwato za farasi na miguu ya watembeao zilitifua udongo kuliko magurudumu. Pamoja na hayo, mimi naona kwamba mtu aliyewahi kuibeba baiskeli yake bonde zima ana adabu zaidi akirudi mahali anaporuhusiwa kuiendesha.

Wala nisidanganye kwamba mpango huu hauna upungufu. Mwaka 2021 moto ulioitwa Telegraph uliteketeza zaidi ya ekari 180,000 mashariki mwa Phoenix, na vipande vya Arizona Trail vikiwamo. Moto ukishapita, mvua ya kwanza hushuka na majivu, mawe na magogo, na kazi ya miaka huondoka kwa alasiri moja. Kazi ya baada ya hapo ni kubwa mno kwa watu wa mwisho wa wiki, tena kiangazi joto hupita nyuzi 40 na mikono haiwezi kushika chuma. Hapo huhitajika vikundi vya kulipwa, na fedha zisipopatikana njia hufungwa.

Waswahili wenzangu wa hapa Tucson, wengi wao waliofika kutoka Kongo na Burundi kupitia kambi za Kigoma, hunicheka wakiniona nabeba sururu alfajiri. Baiskeli waliyoijua wao ilibeba mkungu wa ndizi, maji na mgonjwa. Huniuliza: nani anakulipa? Ni swali zuri kuliko wanavyodhani, na ndilo ningependa ndugu yangu alijibu kabla ya kwenda kuwahamasisha wanakijiji. Mimi nalipwa kwa kuendesha. Jumamosi nachimba, Jumapili napita juu ya jiwe nililolipanga. Msaragambo wa kwetu nao ulikuwa hivyo: aliyechimba barabara ndiye aliyeipita kwenda sokoni. Lakini kijiji kikichonga njia bure, kisha kampuni ya utalii ikaleta wageni wenye baiskeli za mamilioni ya shilingi, kisha mvua ikaharibu na kijiji kikaitwa tena kuzibua mitaro, mchimbaji na mwendeshaji watakuwa watu wawili tofauti, na mmoja wao tu ndiye atakayekuwa amejitolea.

Kwa hiyo naomba wanaopanga miradi hiyo, iwe Longido au kwingineko, waonyeshe kwanza kwenye karatasi ni nani atakayeizibua njia katika mwaka wa tatu, atalipwa nini kutokana na ada ya kila mgeni, na atatibiwa na nani jiwe likimwangukia mguuni. Wafugaji wenye njia zao za ng'ombe katika vilima hivyo waulizwe kabla ya sururu ya kwanza kugusa ardhi. Na kampuni zitakazoleta waendeshaji ziwape wateja wao siku moja ya kushika mtaimbo pamoja na wanakijiji wanaolipwa. Nina hakika wengi wataipenda, kwa maana huku kwao ndivyo walivyozoea.

Wako msomaji,
Tucson, Arizona