Risala ya klabu ya mazingira kwa mgeni rasmi: tusaidieni kutoa seng'enge za zamani

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi, mwenyekiti wa kijiji, kina mama wa kikundi cha miti na wanafunzi wenzangu, shikamooni, karibuni sana shuleni kwetu hapa Pangani.

Mheshimiwa, klabu yetu tunapanda mikoko na miti ya kivuli kama klabu zingine, ila leo hayo tunayaacha pembeni, tunataka kuongelea seng'enge. Wazee wetu mnaijua ranchi ya Mkwaja, ilifungwa 2000 na eneo lake sasa liko ndani ya hifadhi ya Saadani, alafu kuna mashamba ya mkonge huku Tanga yaliyogeuka pori. Shamba likifa ng'ombe wanahamishwa, vibarua wanaondoka, waya unabaki, hakuna anayeukumbuka. Kwenye shamba moja tulikuta seng'enge imemezwa na mti kabisa, gome limeota juu yake, na mbele kidogo kwenye waya wa chini kuna manyoya ya swala yamenasa kwenye mwiba na udongo pale chini umechimbuliwa kwa kwato, yani mnyama alihangaika hapo mpaka akapita.

Tukaanza kusoma wenzetu wanafanyaje, tukakuta habari ya Hart Mountain huko Oregon, Marekani. Ni nyika kame, hifadhi tangu 1936, ilitengwa kwa ajili ya pronghoni, mnyama kama swala ambaye anakimbia karibu kilomita 90 kwa saa lakini kuruka uzio hataki, anapenda kupita chini kwa chini, sasa waya wa chini ukiwa karibu na ardhi anachanika mgongo au anakwama upande usio na malisho wakati theluji imejaa. Na kuna ndege wa kule anafanana na kwale mkubwa, anaruka chini chini alfajiri anajigonga kwenye waya anakufa. Ng'ombe waliondolewa kwenye hifadhi ile miaka ya 1990, uzio ukabaki hauna kazi, ndo shirika la mazingira la kule linaloitwa Oregon Natural Desert Association wakashirikiana na wenye hifadhi na watu wa kujitolea, wakakata waya, wakazungusha kwa mkono mpaka ukawa bunda, wakang'oa nguzo moja moja. Hicho ndo kimetugusa, hawakusubiri mashine.

Hatusemi uzio wote ni mbaya mheshimiwa. Pale hifadhi ya Mkomazi faru weusi wanalindwa ndani ya uzio na tunaunga mkono kabisa, na mfugaji anayehitaji uzio wake abaki nao, ila waya wa chini uwe hauna miba na uinuliwe hata sentimita 40 ili mtoto wa swala apite. Sisi tunaongelea ule uliokufa.

Kina mama wa kikundi wameshakubali kuungana na sisi, vijana wa bodaboda wameahidi kubeba waya hadi barabarani, na fundi mmoja anataka nguzo nzima azitumie tena. Tatizo ni vifaa, tunafanya kazi kwa koleo moja la kuazima, mikono inachanika, na waya wenye kutu ni hatari ya pepopunda, kwahiyo mwalimu wetu ametusimamisha mpaka tupate glavu ngumu na buti na hata sisi tunaona yuko sahihi.

Tunaomba glavu, koleo za kukatia waya, chanjo ya pepopunda kwa watakaoshiriki, na lori la kubeba chuma chakavu. Zaidi ya yote tunaomba utukutanishe na halmashauri, watu wa hifadhi na wamiliki wa mashamba wakae meza moja, maana bila ruhusa ya maandishi tukigusa waya wa mtu tutaitwa wezi.

Kuhusu lori tungefurahi kusikia jibu lako hapa hapa leo, mengine tuko tayari kuyafuata ofisini.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanaklabu